Sanqi ya Kwenye Chungu

Xiong Caiyu alikuwa amebakiza siku nane za kushika muhuri, na asubuhi hiyo aliianza kwa kumsema bintiye.

"Leo usiulize maswali," alimwambia huku akimwekea bakuli la tambi za mchele na pilipili. "Angalia dawa, gonga muhuri, funga kamba, mtu aende zake. Basi."

"Na nikiwa na swali?"

"Hilo nalo ni swali. Kula."

Suhe akala. Alikuwa na miaka ishirini na nne, mrefu, mpole, mzito wa kutembea na mzito zaidi wa kujibu. Chuo cha famasia alikuwa amemaliza kwa alama nzuri, lakini alama hazikuwa zikimsaidia mbele ya baba yake mkubwa, Gan Changgeng, mwenye duka. Miezi mitatu alikuwa amemweka kwenye majaribio, na miezi mitatu wateja walikuwa wakilalamika jambo moja tu. Yule binti anauliza. Unalala saa ngapi? Choo kikoje? Umekula nini jana? Bibi mmoja wa mtaa wa pili alisema amekuja kununua dawa ya kiungulia, hakuja kuposwa.

Duka la ukoo wa Gan lilikuwa kwenye mtaa wa wauza dawa za mitishamba mjini Zhangshu, na mji wa Zhangshu wote unanuka dawa. Mtu aliyezaliwa pale haisikii harufu hiyo mpaka asafiri. Dukani kulikuwa na kabati lenye droo mia moja na arobaini zisizoandikwa kitu, maana anayestahili kuzifungua anazijua. Vipande vya mzizi mweupe wa baishao vilikatwa kwa kisu vikawa vyembamba hivi kwamba ukipiga chafya karibu navyo unavitafuta sakafuni. Caiyu alipoolewa pale alipiga chafya siku ya kwanza, akaviokota hadi adhuhuri, mama mkwe amesimama nyuma yake. Hakupiga chafya tena mbele ya baishao.

Duka lilikuwa na sheria mbili zilizoachwa na babu wa mumewe. Ya kwanza: anayepima hahakiki, na anayehakiki hapimi. Mmoja anapima dawa kwa mizani ya mkono na kuzigawa kwenye karatasi. Mwingine anakuja nyuma yake na cheti cha tabibu, anatazama mmea mmoja mmoja, kisha anagonga muhuri wenye jina lake. Muhuri ule maana yake ni moja tu: nimeona kwa macho yangu, kikitokea kitu njoo uniulize mimi. Sheria ya pili: mhakiki akitimiza miaka hamsini na mitano anauacha muhuri na kurudi kwenye mizani, hata kama anaona mpaka ng'ambo ya mto, kwa sababu macho humdanganya mwenye nayo kabla ya kuwadanganya wengine.

Caiyu alikuwa amehakiki miaka thelathini na mmoja, mpaka miezi hii mitatu alipoanza kupima yeye ili Suhe ajaribiwe kuhakiki. Hakuna pakiti hata moja iliyowahi kurudishwa na mtu aliyesema imekosewa. Alilijua hilo, mtaa ulilijua, na asiyelijua alielezwa. Tarehe kumi alikuwa anatimiza hamsini na mitano.

Alitaka muhuri uende kwa Suhe. Alitaka hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza, aliutaka kwa kumsema mtoto asubuhi na jioni. Changgeng naye alikuwa ameshapata mtu mwingine, mwanamume wa makamo kutoka Nanchang, mwepesi, asiyeuliza.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alikuwa amemwambia Caiyu. "Mtoto ni wetu. Lakini duka si kliniki. Tabibu ameshauliza. Sisi tunapima."

Ndiyo maana Caiyu alisema vile asubuhi ile. Usiulize maswali.

*

Saa nne, Pan Fushun aliingia akishika ubavu.

Huyu hakuwa mteja wa kawaida. Mzee Pan alikuwa na shamba la machungwa machungu nje ya mji, na machungwa yake, yakichumwa mabichi, kukatwa katikati na kukaushwa juani, ndiyo dawa ya tumbo kujaa ambayo duka la Gan lilijulikana nayo. Yeye na Changgeng walikuwa wakicheza bao la Kichina pamoja tangu shule. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Siku ile sauti ilikuwepo, lakini alikaa kwenye benchi kabla ya kukaribishwa, na kifungo cha mwisho cha shati lake kilikuwa kimeachwa wazi.

"Changgeng! Niangalie mimi ninavyoaibika. Tumbo limejaa kama la mama mjamzito. Chakula hakishuki. Tabibu Deng kaniandikia dawa, nasoma cheti, naona nini? Machungwa yangu mwenyewe! Ninalima, nakuuzia, halafu nakuja kuyanunua!"

"Nitakuuzia kwa bei ya rafiki," Changgeng akasema. "Yaani ghali."

Wakacheka. Mzee Pan akakatisha kicheko na kushika ubavu wa kulia.

"Bado ile ngazi?" Caiyu akauliza. Wote walijua kwamba alianguka kwenye ngazi mwezi wa saba, wakati wa kuchuma.

"Mbavu zilipona zamani, dada Caiyu. Hili ni tumbo tu. Deng anasema ini limekwama, hewa haipiti."

Cheti kilikuwa na mimea saba, dawa ya siku tano. Caiyu alikijua kwa moyo kabla hajamaliza kukisoma. Ni dawa ya zamani ya watu wenye hasira zilizojaa kifuani na tumbo lisilotulia, na kila mtaa una watu wa namna hiyo. Akatandika karatasi tano. Akafungua droo bila kutazama, akainua mizani kwa kamba yake, akasubiri mti wa mizani utulie sawa na upeo wa jicho. Alipima jumla ya kila mmea, kisha akaigawa kwa mkono kwenye karatasi tano, pa, pa, pa, pa, pa, kama mtu anayegawa karata. Wengine hurudia kupima kila fungu. Yeye mkono wake ulikuwa unajua.

"Dada Caiyu mkono wake ungefaa benki," Mzee Pan akasema.

"Benki hawana akili ya kuniajiri," Caiyu akajibu, akarudi nyuma hatua moja. "Suhe. Hakiki."

Suhe akaja na cheti. Akatazama mmea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akageuza kipande cha chungwa kwa kijiti. Changgeng aliangalia saa ya ukutani waziwazi ili aonekane. Suhe akamaliza wa saba. Kila kitu kilikuwa sawa. Akauchukua muhuri wa mama yake, akaugusisha kwenye wino mwekundu, akauinua juu ya karatasi.

Haukushuka.

"Mzee Pan," akasema, "mbali na hii, unakunywa dawa gani nyingine?"

Caiyu akamkanyaga mguu chini ya kaunta. Alikanyaga barabara, kwa kisigino.

"Dawa? Sina dawa mimi," Mzee Pan akasema. "Chai. Na sanqi yangu kidogo, ya mbavu, mwezi wa pili sasa. Mke wangu ananichemshia na yai, nyingine tumeloweka kwenye pombe ya mtama. Usinitazame hivyo, ni kikombe kimoja jioni. Kimoja na nusu."

Sanqi. Caiyu alilisikia neno na moyo wake haukushtuka. Sanqi ilikuwa kwenye droo karibu na kiwiko chake, mzizi mdogo wa kijivu unaouzwa kwa gramu, dawa ya mtu aliyeanguka, tangu enzi na enzi. Mtu kaanguka, anakula sanqi. Kuna nini cha kuuliza?

"Unainunua hapa?" Suhe akauliza.

"Kwa bei zenu? Ninayo bichi, juu ya paa la nyumba yangu. Jirani alinipa mche kwenye chungu mwaka juzi, sasa imejaa vyungu vinne. Ukiikata leo, kesho imechipua."

Kisigino cha Caiyu kikatoka juu ya mguu wa binti yake, chenyewe, kabla yeye hajaamua.

"Maua yake ni ya rangi gani?"

"We mtoto!" Changgeng akaja juu. "Mtu anaumwa tumbo, unamuuliza maua?"

"Ya manjano," Mzee Pan akasema, naye alionekana kufurahi kuulizwa. "Mazuri kweli. Kama krisanthemamu ndogo."

Suhe akauweka muhuri chini, upande wa wino juu.

"Dawa hii sitaipitisha," akasema.

Kulikuwa na wanawake wawili wakisubiri zamu yao, na mmoja wao aliacha kutafuna mbegu za alizeti.

"Hutaipitisha," Changgeng akarudia. "Imekosewa?"

"Haijakosewa, baba mkubwa. Imepimwa sawasawa. Lakini anachokunywa nyumbani si sanqi. Ni ile tunayoita sanqi ya udongo. Inafunga mishipa midogo ndani ya ini, damu haipiti, ndiyo maana tumbo linajaa. Huko tumboni si hewa. Nadhani ni maji. Na macho yake..."

"Nadhani!" Changgeng akamgeukia Caiyu. "Umesikia? Tabibu Deng ana miaka arobaini kwenye kazi, huyu ana miezi mitatu, na anadhani. Shemeji, muhuri bado ni wako mpaka tarehe kumi. Gonga wewe, Pan aende nyumbani akapumzike."

Caiyu akamtazama Mzee Pan. Alikuwa hajamtazama. Alikuwa ametazama cheti, droo, mizani, na saa ya shemeji yake, lakini mtu mwenyewe hakumtazama. Sasa akaona weupe wa jicho ulivyopoteza weupe. Akaona shati lililoachwa wazi chini na mabega yaliyokonda juu, tumbo la mtu mnene kwenye mwili wa mtu mwembamba. Tena akakumbuka kwamba swali lile lilikuwa lake. Suhe akiwa na miaka sita, anakaa chini ya kaunta akipanga maganda ya machungwa makavu, Caiyu alimwambia: mtu akija anaumwa, kwanza muulize anakula nini. Yeye mwenyewe aliliacha swali hilo njiani, labda mwaka wa kumi, labda wa kumi na tano, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mkono wake ulikuwa unajua.

Akauchukua muhuri. Akaufuta wino kwa kitambaa, polepole, pande zote, akautia mfukoni mwa aproni.

"Sigongi," akasema.

"Shemeji!"

"Mhakiki amesema hapana. Hapa dukani kwetu mhakiki akisema hapana ni hapana. Babu yenu ndiye aliyesema, si mimi. Au sheria ni ya siku ambazo rafiki zako hawaumwi?"

Akafungua droo iliyo karibu na kiwiko, akatoa mzizi mmoja, akauweka kwenye kiganja cha Mzee Pan.

"Uma."

Mzee Pan akauma. Akautoa mdomoni haraka. "Jiwe hili!"

"Hiyo ndiyo sanqi. Inatoka milima ya Yunnan, inakaa kivulini miaka mitatu, ukiipa jua la Zhangshu siku mbili inakufa. Haijawahi kuota juu ya paa la mtu. Niliposikia chungu ningeshtuka palepale, lakini nilikuwa na kazi ya kumkanyaga mwanangu. Suhe, mguu haujambo?"

"Unauma, mama."

"Vizuri. Mpigie Tabibu Deng."

Tabibu Deng alianza kwa ukali. Sauti yake ilisikika kwenye simu mpaka kwa wale wanawake wawili: tangu lini duka linamrudishia cheti? Suhe hakubishana. Alimsomea tu maneno ya mgonjwa, paa, vyungu vinne, maua ya manjano, yai, pombe, miezi miwili. Kisha Tabibu Deng akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Aliniambia sanqi. Nikaandika sanqi. Sikuuliza ni ipi." Halafu: "Asinywe changu, asinywe chochote. Apelekwe hospitali kubwa Nanchang, leo hii, kwa madaktari wa ini. Mwambieni abebe na huo mmea."

"Hospitali?" Mzee Pan sasa alikuwa na sauti ya mtu mwingine. "Kwa ajili ya maua?"

"Changgeng atakupeleka, mpitie nyumbani kumchukua mkeo na mmea," Caiyu akasema. "Gari lake lina mafuta na leo hana cha kufanya ila kutazama saa."

Changgeng alichukua funguo. Hakumtazama mtu. Mlangoni Mzee Pan aligeuka, kwa mazoea, kama anayengoja kuagwa, na Caiyu akamwambia kile ambacho kila duka la dawa mjini humwambia mgonjwa, kwa sababu kumwambia karibu tena ni kumtakia ugonjwa.

"Nenda, na usirudi hapa."

*

Siku sita zilipita. Changgeng alirudi kutoka Nanchang usiku ule na alichosema ni kwamba amelazwa, wanampima. Baada ya hapo alizungumza na Caiyu kwa cheti tu: anaweka kwenye kaunta, anaondoka. Mwanamume wa kutoka Nanchang alipiga simu mara mbili, na mara zote mbili Changgeng alitoka nje kuongea naye.

Nyumbani Suhe hakuwa anakula vizuri.

"Kama nilikosea je, mama?"

"Ulikosea nini? Mtu ana macho ya manjano."

"Kama ni kitu kingine. Kama nimewaogopesha bure, na baba mkubwa amempoteza rafiki na machungwa pia."

"Machungwa yanaota kwenye miti," Caiyu akasema. "Kula." Lakini yeye mwenyewe usingizi ulimpita, akabaki kitandani akihesabu droo moja mpaka mia moja na arobaini, na alipofika ya sanqi akaanza upya.

Siku ya saba, tarehe tisa, mke wa Mzee Pan alikuja dukani. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, aliyezoea kumwacha mume wake apige kelele kwa niaba ya wote wawili. Alisimama katikati ya duka. Wateja wakampisha.

"Yuko wapi yule anayeuliza?" akasema.

Suhe akainua mkono, kama darasani.

"Daktari wa ini aliuona mmea kwenye mfuko. Hakuniuliza hata jina langu. Aliuliza, nani amewaambia mje na huu? Nikamwambia, binti wa dukani. Akasema wengi wanafika kwake wamechelewa, na hawajui walikunywa nini, na wanapimwa wiki nzima kutafuta. Sisi alianza kututibu siku ileile." Akasogea hadi kwenye kaunta. "Maji tumboni yanapungua. Jana amegombana na nesi kwa sababu ya uji. Nilipomsikia anagombana nikaenda chooni nikalia."

Caiyu alikuwa na mizani mkononi. Akaiweka chini.

"Ni mimi niliyekuwa namchemshia," yule mama akaendelea. "Kila asubuhi, na yai. Kwa mkono wangu huu. Vyungu nimevipasua vyote vinne, na jirani nimempasulia vya kwake. Alikasirika. Nikamwambia akasirike tu."

Changgeng alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameshika kikasha kidogo cha kitambaa. Alikiweka kwenye kaunta mbele ya Suhe kwa namna ile ile aliyokuwa akiweka vyeti.

Ndani mlikuwa na muhuri wa jiwe, mpya, pembe zake bado kali. Suhe akaugeuza. Ulisomeka Gan Suhe.

"Umechongwa lini?" Caiyu akauliza.

"Juzi."

"Juzi! Na siku zote hizi umeninunia?"

"Nilikuwa nanunia nafsi yangu, shemeji. Wewe ulikuwa karibu tu." Akamgeukia Suhe, akakohoa. "Lakini mtu wa foleni naye ana haki yake. Maswali mawili kwa kila mgonjwa. Si matano."

Suhe akafikiri, kwa uzito wake uleule.

"Matatu, baba mkubwa."

"Mawili."

"Anakula nini, anakunywa nini, na kipi anakificha. Ni matatu."

Mke wa Mzee Pan akasema, "Matatu, Changgeng," na hilo likaisha hapo.

*

Tarehe kumi Caiyu alivaa aproni safi, akasimama upande wa mizani. Muhuri wake wa zamani alikuwa ameufunga kwa kitambaa na kuuacha nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Mteja wa kwanza alikuwa bibi wa mtaa wa pili, yule wa kiungulia. Dawa ya siku tatu. Caiyu akafungua droo bila kutazama, akapima jumla, akagawa kwa mkono, pa, pa, pa.

"Hakiki," akasema.

Suhe akaja. Akamuuliza bibi maswali yake matatu, na bibi akayajibu yote, akaongeza la nne ambalo hakuulizwa, kuhusu mkwe wake. Kisha Suhe akatazama karatasi. Akainama. Akachukua mizani, akakusanya vipande vya mzizi mtamu kutoka karatasi ya pili, akavipima. Akarudia na ya tatu.

"Mama," akasema. "Hili fungu la pili limezidi gramu moja na nusu. La tatu limepungua. Gawa tena, tafadhali."

Changgeng aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti. Bibi wa kiungulia alikaa sawa ili aone vizuri. Miaka thelathini na mmoja katika mtaa ule, hakuna mtu aliyewahi kumrudishia Xiong Caiyu kitu chochote.

Caiyu aliuchukua mti wa mizani, akausogeza karibu na jicho, kisha akausogeza mbali. Gramu moja na nusu. Kweli kabisa.

"Mmeona?" akasema, na sauti yake ilifika mpaka duka la jirani. "Bibi, umeona? Shemeji, acha gazeti. Mmeona jinsi binti yangu anavyofanya kazi? Amenirudishia mimi!"

Akazikusanya dawa, akatandika karatasi upya, na safari hii akapima kila fungu, moja moja.